Kozi ya hisa kwa wanaoanza: sehemu ya oda inalipa hela yote, ya mishumaa iruke tu

Wakuu, naona watu wengi wanauliza kuhusu hizi kozi za kwenye simu zinazofundisha maneno ya soko la hisa, zile za kulipia kwa mwezi, ndani kuna video fupi fupi, kamusi ya istilahi, kwizi, na akaunti ya demo ya kununulia na kuuzia hisa kwa hela ya bandia. Nimeipitia moja mwanzo mpaka mwisho. Jina naliacha maana sitaki ionekane nimelipwa kuisifia wala nimetumwa kuiponda, na ukweli ni kwamba zinafanana sana, ukishaijua moja hizo nyingine zinakuwa ni rangi tu zimebadilishwa. Naipa nyota tatu na nusu kwa tano. Nusu na moja nimezikata kwa sababu moja kubwa: inakaa sana kwenye maneno matamu ya kuongelea na inapita mbio kwenye maneno yanayogusa mfuko wako.

Mwanzo wake ni historia. Unaletewa Amsterdam mwaka 1602, kampuni ya Waholanzi ya biashara ya mashariki inauzia watu wa kawaida vipande vya umiliki, halafu New York tarehe 17 Mei 1792, madalali 24 wanasaini makubaliano yao ya kufanya biashara wao kwa wao, ndo mbegu ya soko la New York. Video imechorwa vizuri, sauti safi, sikatai. Ila mtu aliyelipia ili ajue kwa nini oda yake haijakubali hana haja na kofia za madalali wa karne ya 18. Kilichonifurahisha humo ni kimoja tu, kwamba wameeleza vizuri hisa ni nini: ni kipande cha umiliki wa kampuni, ukiwa nacho una haki ya kupiga kura kwenye mkutano wa wanahisa na haki ya kupata gawio kama bodi ikiamua kugawa, na kampuni ikifilisika wewe ni wa mwisho kabisa kwenye foleni, nyuma ya wenye hatifungani na wakopeshaji wote. Hiyo ya foleni watu wengi hawaambiwi, na hapa wameisema dakika za mwanzo kabisa, nawapa maua yao.

Baada ya hapo wanakuja fahali na dubu. Aisee. Kuna mchoro wa fahali anapandisha pembe juu na dubu anashusha makucha chini, na muziki juu yake. Wanaeleza kwamba soko likipanda asilimia 20 kutoka chini kabisa linaitwa la fahali na likishuka asilimia 20 kutoka kileleni ni la dubu, sawa, ni kipimo cha mazoea tu, hakuna sheria inayosema hivyo. Wamekaa hapo muda mrefu kuliko walivyokaa kwenye spredi, ile tofauti kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia ambayo nitaieleza chini! Na hesabu muhimu kuliko zote kwenye mada hiyo wameiacha, kwamba asilimia ya kushuka na ya kupanda hazilingani. Kitu kikishuka asilimia 20 kinahitaji kupanda 25 ndo kirudi kilipokuwa, kikishuka 50 kinahitaji kupanda 100. Mtu akiona hisa yake imeshuka nusu halafu imepanda asilimia 60 anashangilia, kumbe bado yuko kwenye hasara ya asilimia 20.

Na kwenye video hiyo hiyo kuna sentensi imeniudhi, mwalimu anasema kwa kujiamini kabisa kwamba soko likianguka huwa linarudi, wewe subiri tu. Linarudi lini? Fahirisi ya Nikkei ya Japani, yaani kipimo cha jumla cha bei za hisa za kampuni kubwa za huko, ilifunga kwenye 38,915 tarehe 29 Desemba 1989, na haikuvuka namba hiyo mpaka Februari 2024. Miaka 34. Kweli mwenye kupokea magawio na kuyarudisha sokoni alipona mapema zaidi, lakini huwezi kumwambia anayeanza "subiri tu" bila kumwambia kwamba kusubiri kwenyewe kunaweza kumaliza ujana wake wote. Dow Jones nayo, fahirisi ya Marekani, ilirudi kwenye kilele chake cha kabla ya anguko la 1929 mwaka 1954.

Sasa tuje kwenye kitu kilichonifanya nisiombe hela yangu irudi, sehemu ya oda. Hii wameipatia, tena sana, na kama ningeruhusiwa kununua hiyo peke yake ningelipa bei ile ile.

Kwenye demo kuna kitabu cha oda, ila kimefichwa, inabidi uingie kwenye mipangilio uwashe "mwonekano kamili", na kwa nini wamekificha sijui maana ndo kitu bora kwenye apu nzima. Ukikiwasha unaona upande mmoja wanunuzi wamejipanga na bei zao, upande wa pili wauzaji na za kwao. Bei ya juu kabisa ya wanunuzi na bei ya chini kabisa ya wauzaji, tofauti yake ndo spredi. Ni kama kwenye duka la kubadilishia fedha tu, bei wanayokununulia dola si bei wanayokuuzia, na ukinunua halafu ukauza papo hapo umeshapungukiwa bila chochote kutokea duniani.

Zoezi lenyewe liko hivi. Skrini inaonyesha hisa fulani bei yake ni 50, kwa herufi kubwa, kijani. Hiyo 50 ni bei ya mwisho watu wawili walipokubaliana, haimaanishi kuna mtu anakusubiri akuuzie kwa 50. Upande wa wauzaji kuna hisa 200 kwa 50.10, zinazofuata ni 300 kwa 50.40, halafu 500 kwa 51.20. Unaambiwa weka oda ya soko ununue hisa 1,000. Oda ya soko maana yake nipe sasa hivi kwa bei yoyote iliyopo. Unabonyeza, na unaona kwa macho yako oda inazoa mstari wa kwanza, inazoa wa pili, inamaliza wa tatu. Jumla umelipa 50,740 wakati kichwani ulikuwa umepiga hesabu ya 50,000. Hakuna aliyekuibia, hakuna makato yaliyofichwa, ni wewe ulisema bei yoyote na soko likakusikia. Halafu cha kuchekesha, ile namba kubwa ya kijani sasa inasoma 51.20, yaani hisa "imepanda" na aliyeipandisha ni wewe.

Wanakurudisha mwanzo, unaweka oda ya limiti ya 50.20. Hapo unapata zile 200 za 50.10 tu, hizo 800 zilizobaki zinapanga foleni upande wa wanunuzi zikisubiri muuzaji atakayekubali bei yako, na huenda asitokee. Ndo biashara yake ilivyo: oda ya soko inakuhakikishia unapata hisa lakini haikuhakikishii bei, limiti inakuhakikishia bei lakini haikuhakikishii kwamba utapata hisa. Kwa hisa kubwa zinazouzwa mamilioni kwa siku tofauti ni senti, kwa hisa ndogo yenye ukwasi mdogo, yaani wanunuzi na wauzaji wachache, tofauti inaweza kuwa faida yako ya mwaka mzima. Neno ukwasi hapo ndo linaingia kichwani lenyewe bila kukariri, unaona kabisa kitabu kimejaa au kiko tupu.

Stoplosi, ile oda ya kuuza inayojiwasha yenyewe bei ikishuka mpaka namba uliyoweka, pia wameifundisha kwa uaminifu, tofauti na wale watu wa mitandaoni wanaoiuza kama bima. Unaweka stoplosi kwenye 45 ukifikiri hasara yako imefungwa hapo. Usiku kampuni inatoa ripoti mbaya, asubuhi soko linafunguliwa hisa iko 38. Stoplosi yako ikiguswa inageuka oda ya soko, na soko lipo 38, unauzwa hapo hapo kwenye 38. Ukiweka ya aina ya pili, ile yenye limiti ndani yake, hutauzwa kwa 38 ila hutauzwa kabisa, unabaki na hisa mkononi inaendelea kushuka. Demo wameiigiza hiyo asubuhi ya 38 na nakubali moyo unashtuka hata kama hela ni ya bandia.

Lawama yangu hapa ni moja. Ukiwa hujawasha ule mwonekano kamili, demo inakukubalia kila oda kwa bei ile kubwa ya kijani, papo hapo, hisa ziwe 10 au laki moja. Huo ni uongo na unamjengea mtu tabia mbaya. Kuna watu watamaliza kozi nzima kwenye hali hiyo ya kawaida, watajiona mabingwa, halafu waende soko la kweli. Pia bei za demo zinachelewa dakika 15, wameandika kwa maandishi madogo chini, kwa kujifunzia haina shida ila usije ukalinganisha na bei za kweli ukadhani umegundua siri.

Upande wa gawio ndo nimekata nyota. Wanalionyesha gawio kama hela ya bure inayodondoka. Gawio ni sehemu ya faida, au akiba ya kampuni, wanayopewa wanahisa, na siku hisa inapoanza kuuzwa bila gawio hilo, bei yake kwa kawaida inashuka kwa kiasi kinachokaribiana na gawio lenyewe, maana pesa imetoka kwenye kampuni imeenda kwa wenyewe. Kwa hiyo huu mtindo wa kuvizia kununua jana ili upokee gawio halafu uuze kesho hauna utamu watu wanaoudhania, na kodi ya gawio bado inakusubiri. Kozi haikusema. Tarehe nazo wamezichanganya kwenye slaidi moja, ya kutangaza, ya kuanza kuuzwa bila gawio, ya kufunga rejesta ya wanahisa, ya kulipa, bila kusema ipi inakuhusu wewe mnunuzi. Inayokuhusu ni ile ya hisa kuanza kuuzwa bila gawio, ukinunua siku hiyo au baada yake gawio ni la aliyekuuzia. Na slaidi yao ni ya zamani, bado inasema Marekani muamala unakamilika siku mbili za kazi baada ya biashara, wakati tangu tarehe 28 Mei 2024 ni siku moja, na ndo maana huko sasa siku ya hisa kuuzwa bila gawio na siku ya kufunga rejesta kwa kawaida zinaangukia siku moja. Mtu analipia kila mwezi, wasasishe basi jamani.

Kiwango cha gawio kwa asilimia wameeleza kwa fomula tu, gawio gawanya kwa bei. Gawio 6, bei 100, ni asilimia 6. Vizuri. Sasa bei ikianguka mpaka 50 kwa sababu biashara inakufa, gawio la mwaka jana bado linasomeka 6, apu inakuonyesha asilimia 12 na kwenye orodha ya "hisa zenye gawio nono" kampuni hiyo inapanda juu kabisa. Wenzako wanakimbia wewe unaingia. Hii mitego ipo kila soko duniani na kozi ya maneno isipoonyesha neno linavyodanganya imefundisha nusu.

Kwenye P/E ni hivyo hivyo. Bei ya hisa gawanya kwa faida ya kila hisa, bei 60, faida 4, unapata 15, wanasema ndogo ni rahisi na kubwa ni ghali, kwizi, makofi, mada imeisha. Hawasemi hiyo faida imetoka wapi. Tuseme kwenye hiyo 4 kuna 2.50 iliyotokana na kampuni kuuza jengo lake, kitu ambacho hakitajirudia mwakani. Faida ya biashara yenyewe ni 1.50, na 60 gawanya kwa 1.50 ni 40. Kampuni ile ile, siku ile ile, mmoja anaiona rahisi mwingine anaiona ghali kupindukia. Kampuni yenye hasara haina P/E ya maana kabisa, apu nyingi zinaweka kistari tu hapo, na kuna P/E ya faida iliyokwisha kupatikana na ile ya faida inayokisiwa, hizi mbili ni vitu viwili tofauti na tovuti hazikuambii kila mara inakuonyesha ipi. Nilitegemea hata sentensi mbili za onyo.

Thamani ya soko ya kampuni wameifanya vizuri, hapa nawasifu tena. Wanaoanza wengi wanaamini hisa ya bei 10 ni "rahisi" na ya bei 800 ni "ghali". Wameweka kampuni mbili za kubuni, ya kwanza bei 10 ina hisa bilioni 5, kwa hiyo soko linaithamini bilioni 50, ya pili bei 800 ina hisa milioni 10, thamani yake bilioni 8. Ile ya bei 10 ni kubwa mara sita na zaidi. Halafu wanaleta mfano wa kweli, hisa ya daraja A ya Berkshire Hathaway, kampuni ya uwekezaji iliyojengwa na Warren Buffett wa Marekani, hisa ambayo haijawahi kugawanywa, mwaka 2024 ikavuka dola 600,000 kwa hisa moja, na hawa hawa mwaka 1996 walitoa daraja B la bei ya chini ili watu wa kawaida waingie. Ukitoka hapo unaelewa na kugawanya hisa bila kuhangaika: Apple walipogawanya moja kuwa nne Agosti 2020, na Nvidia moja kuwa kumi Juni 2024, hakuna aliyetajirika kwa kitendo hicho, vipande vimeongezeka na kila kipande kimepungua bei. Kinyume chake pia kipo, Citigroup mwaka 2011 walikusanya hisa kumi wakafanya moja.

Huu mgawanyo wa Apple una mkia mzuri ambao kozi imeutaja kwa kupita na mimi ningeukuza. Dow Jones ina kampuni 30 tu na uzito wa kila kampuni humo unafuata bei ya hisa moja, haujali ukubwa wa kampuni. Kwa hiyo Apple ilipogawanya hisa zake uzito wake kwenye Dow ulipungua mara moja, ingawa kampuni ilikuwa ile ile, na wiki hiyo hiyo wakapanga upya orodha, Exxon Mobil iliyokuwemo tangu 1928 ikatoka, Salesforce ikaingia. S&P 500, fahirisi ya kampuni kubwa kama 500 za Marekani, yenyewe inapima kwa thamani ya soko, kwa hiyo kampuni chache kubwa ndo zinaivuta fahirisi nzima. Ukisikia "soko limepanda leo" uliza fahirisi ipi, maana inawezekana kabisa kampuni nyingi zimeshuka na tano kubwa zimepanda.

Kutoka kwenye fahirisi wanaingia mifuko inayofuata fahirisi, yaani mifuko ya pamoja inayonunua hisa zilizomo kwenye fahirisi, wanamtaja John Bogle, mwanzilishi wa kampuni ya mifuko ya Vanguard, na mfuko wake wa mwaka 1976, wanataja ETF ya kwanza kubwa ya Marekani iliyoanza Januari 1993, na wanaeleza tofauti, kwamba ETF inanunuliwa na kuuzwa sokoni mchana kutwa kama hisa wakati mfuko wa kawaida unapewa bei moja baada ya hesabu za siku kufungwa. Ada ya mwaka wanaitaja kwa sentensi moja. Moja! Nimechukua kalamu mwenyewe: weka 100,000 kwa miaka 30, uwekezaji unakua asilimia 7 kwa mwaka kabla ya ada. Ada ikiwa asilimia 0.1 unamaliza na kama 740,000. Ada ikiwa asilimia 1.5 unamaliza na kama 498,000. Hiyo tofauti ya robo milioni imeondoka kidogo kidogo bila hata siku moja kukuletea risiti. Fahali na dubu walipewa video nzima yenye muziki, hii ikapewa sentensi.

Hisa mpya ndo neno jingine walilolikwepa. Una hisa milioni 1 kwenye kampuni yenye hisa milioni 100, wewe ni asilimia 1. Kampuni inatoa hisa nyingine milioni 25 kutafuta mtaji, usiponunua umekuwa asilimia 0.8. Na wakikupa haki ya kununua, mfano hisa moja mpya kwa kila nne ulizonazo, kwa bei 40 wakati sokoni ni 60, usifikiri umepewa zawadi ya 20. Hisa nne za 60 ni 240, ongeza ya tano ya 40 ni 280, gawanya kwa tano, bei inategemewa kukaa karibu na 56. Mwenye kununua hajapata wala hajapoteza, mwenye kulala na barua ya haki hiyo bila kuifungua ndo ameshuka kutoka 60 mpaka 56 bure, wakati mara nyingi haki yenyewe inauzika sokoni na angeiuza tu apate cha kwake. Wanaoanza wengi barua hizo huwa hawazielewi kabisa, wanazitupa. Kamusi ya apu ina mistari miwili juu ya hili, haina mfano.

Mishumaa sasa. Hii ni michoro ya bei kwenye chati, na kuna mlolongo mrefu wa maumbo yake, yenye majina ya nyundo, nyota ya jioni, mtu aliyenyongwa, mpaka unachoka. Mshumaa wenyewe una habari nne tu, bei ya kufungua, ya kufunga, ya juu kabisa na ya chini kabisa kwa kipindi ulichochagua, na hilo linatosha kwa anayeanza. Kumkaririsha mtu maumbo yote hayo kabla hajajua spredi ni kumpa ujasiri asioustahili. Iruke hiyo moduli yote, kwizi yake haizuii kuendelea.

Kuuza usichonacho (unaazima hisa, unaiuza, ukitegemea kuinunua tena kwa bei ya chini uirudishe) na kununua kwa mkopo wa dalali vimekaa pamoja kwenye moduli ya mwisho na humo wamekuwa waungwana, wametisha inavyotakiwa. Una 100, unakopa 100, unanunua hisa za 200. Zikishuka asilimia 30 zimebaki 140, deni bado ni 100, chako ni 40. Soko limeshuka 30 wewe umeshuka 60, na dalali akiwa anataka uwe na angalau asilimia 30 ya thamani umeshapita chini yake, anakutaka uongeze hela, usipoongeza anauza hisa zako kwa wakati anaoutaka yeye. Kwenye kuuza kwa kuazima wameweka Volkswagen ya Oktoba 2008, Porsche walipotangaza wanadhibiti hisa zake nyingi kuliko watu walivyodhani, waliouza kwa kuazima wakakimbilia kununua warudishe hisa ambazo hazipo sokoni, bei ikaruka mpaka Volkswagen kwa muda mfupi ikawa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote duniani. GameStop, kampuni ya Marekani ya maduka ya michezo ya video, ya Januari 2021 nayo ipo, waliouza kwa kuazima walibanwa vile vile. Ukinunua hisa kwa 50 hasara yako ya juu ni 50, ukiuza kwa kuazima hasara haina dari, na wameichora hiyo kwa grafu moja rahisi ambayo mtoto angeielewa.

Vitu vidogo vidogo. Kwizi zao zinauliza maana tu, "ukwasi ni nini, A, B, C", hazikupi hali ukaamua, kwa hiyo unaweza kupata asilimia 100 huku hujui kuweka oda. Notifikesheni ni nyingi mno, nyingine usiku, zima zote siku ya kwanza. Utafutaji kwenye kamusi unafanya kazi hata bila intaneti na hiyo imenisaidia sana kusoma ripoti za kampuni, neno likinishinda nafungua, naona, naendelea. Huduma kwa wateja nimewaandikia kuhusu ile slaidi ya siku mbili, wakajibu haraka kwa adabu, slaidi haijabadilika.

Na kuna kitufe kikubwa mwisho wa kozi, cha kufungua akaunti ya kweli kwa dalali "mshirika". Hao wanalipana kwa kila mtu anayepita hapo, imeandikwa kwenye masharti ukisoma mpaka chini. Si dhambi, ila usibonyeze kwa sababu tu umemaliza somo. Nenda kwanza kwenye tovuti ya mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji ya nchi yako, angalia kama dalali huyo ana leseni, kisha linganisha komisheni, ada ya kutunza akaunti, na makato ya kubadilisha fedha kama hisa ni za nje, hayo ya mwisho ndo huwa yanasahaulika na ndo huwa makubwa.

Ukiamua kulipia, chukua ya mwezi mmoja, usichukue ya mwaka maana maudhui hayafiki huko na inajilipisha upya yenyewe usipoifuta. Washa mwonekano kamili wa demo kabla ya kitu kingine chochote. Anza na moduli ya oda, fuata thamani ya soko, fahirisi na mifuko, maliza na ya mkopo wa dalali, gawio na P/E zisome ukiwa na kalamu na mashaka. Kamusi inapakulika kwenye simu, ipakue kabla mwezi haujaisha, maana kwangu imeendelea kufunguka hata baada ya kusitisha malipo.